Kupigania Usawa Juu ya Barafu: Siku Tatu za Kombe la Dunia Mjini Heerenveen

Mbio za kuteleza kwenye barafu ni mchezo ambao mwanamichezo, akiwa amevaa viatu vyenye ubapa mrefu wa chuma chini ya nyayo, huzunguka uwanja wa mita 400 kwa mwendo unaoweza kukaribia kilomita 60 kwa saa, pasipo injini, pasipo mteremko na pasipo nguvu nyingine yoyote isipokuwa ya misuli yake mwenyewe. Wasomaji wengi wa nchi za joto huuona mchezo huu mara moja kila baada ya miaka minne, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, ilhali uhai wake wa kila mwaka umo katika mashindano ya Kombe la Dunia, ambayo tangu msimu wa 1985/86 yamekuwa yakihama kutoka mji hadi mji katika miezi ya baridi, kila mji ukiyapokea mwishoni mwa juma. Makala haya yanaeleza jinsi mashindano hayo yanavyoendeshwa katika uwanja wa Thialf mjini Heerenveen, Uholanzi, uwanja ambao wapenzi wa mchezo huu huuheshimu kuliko mwingine wowote. Hoja inayoyaongoza ni kwamba karibu kila kinachoonekana katika siku hizo tatu, kuanzia maji yanayogandishwa hadi vitambaa vya rangi vinavyofungwa mikononi, kimebuniwa ili kujibu swali moja: watu wawili watapewaje nafasi iliyo sawa ya kushindana na saa, hali barafu, hewa na umbo lenyewe la uwanja havikubali kuwa sawa?

Uwanja na ratiba yake

Heerenveen ni mji mdogo wa jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, katika nchi tambarare iliyojaa mifereji na maziwa. Uwanja wa Thialf ulifunguliwa mwaka 1967 ukiwa wazi chini ya anga, na mwaka 1986 ukaezekwa paa, ukawa miongoni mwa viwanja vya kwanza duniani vya mita 400 kufunikwa kabisa. Paa hilo lilileta mageuzi makubwa, kwa sababu katika kiwanja cha wazi mtu aliyeanza mbio saa nane mchana, upepo ukiwa umetulia, hakuwa na hali moja na yule aliyeanza saa tisa huku theluji ikidondoka, na mara nyingi bingwa alikuwa yule aliyebahatika kupangiwa wakati mzuri. Chini ya paa joto la hewa hudhibitiwa, upepo haupo, na bahati hupunguziwa nafasi yake katika matokeo.

Chombo kinachosimamia mashindano ni Muungano wa Kimataifa wa Kuteleza kwenye Barafu, ujulikanao kwa kifupi kama ISU, ulioasisiwa mwaka 1892 huko Scheveningen, Uholanzi. Mwaka mmoja baadaye muungano huo uliandaa mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia mjini Amsterdam, ambako Jaap Eden wa Uholanzi aliibuka mshindi. Kwa kawaida Kombe la Dunia huanza Ijumaa na kumalizika Jumapili. Wanaume na wanawake hushindana katika mita 500, 1,000 na 1,500, kisha katika masafa marefu, ambayo kwa wanawake ni mita 3,000 au 5,000 na kwa wanaume mita 5,000 au 10,000, na ratiba hukamilishwa na mbio za timu pamoja na mbio ambazo washiriki wote huanza kwa pamoja. Washiriki wa kila umbali hugawanywa katika makundi mawili: Kundi A, lenye wale waliokwisha kuthibitisha uwezo wao, na Kundi B, ambalo aghalabu hukimbia mapema wakati viti vingi bado ni vitupu. Wanaofanya vizuri katika Kundi B hupata njia ya kupanda, na alama za kila juma hujumlishwa hadi mwisho wa msimu ili kumpata mshindi wa kila umbali. Hivyo mbio zinazokimbiwa asubuhi mbele ya watazamaji wachache zinaweza kuwa na uzito mkubwa katika maisha ya kijana kuliko fainali ya jioni ilivyo kwa bingwa.

Barafu inayotengenezwa kama chombo cha ufundi

Barafu ya Thialf haina uhusiano na ile inayogandishwa na baridi ya usiku mtoni. Chini yake kuna sakafu ya zege ambamo mabomba yamelazwa, na ndani ya mabomba hayo hupita kimiminika kilichopozwa kinachoifanya sakafu yote iwe baridi chini ya nyuzi sifuri. Maji yanayomwagwa juu yake huchujwa kwanza ili kupunguza madini, kwa kuwa chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji hufanya barafu iwe laini na isiyo na usawa, kisha humwagwa tabaka baada ya tabaka hadi unene wa sentimita chache. Mafundi huchagua joto la barafu kwa uangalifu mkubwa: ikiwa baridi kupita kiasi huwa ngumu na kavu, ubapa ukakwaruza badala ya kuteleza, na ikikaribia nyuzi sifuri hulainika, ubapa ukazama na kupoteza mwendo.

Kwa muda mrefu ilielezwa vitabuni kwamba uzito wa mtu ndio unaoyeyusha barafu chini ya chuma na kumfanya ateleze, lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi, kwani mgandamizo wa mwili hauwezi kuyeyusha barafu iliyo baridi sana, na hata hivyo watu huteleza juu yake. Wanasayansi wamebainisha kwamba molekuli za tabaka la juu kabisa la barafu, kwa kuwa hazina jirani upande wa juu wa kuzishikilia, hulegea na kujongea karibu kama za maji hata katika baridi iliyo chini ya sifuri, na joto la msuguano wa chuma huongeza ulegevu huo. Ubapa wenye unene wa milimita moja na kidogo hupita juu ya utando huo mwembamba, na ubora wa utando ndio unaoamua iwapo msukumo mmoja wa mguu utampeleka mtu mita nyingi au chache.

Baada ya jozi kadhaa kukimbia, barafu huwa imejaa mikwaruzo na unga mweupe, na ndipo mbio husimamishwa ili mashine ya kulainisha barafu ipite. Mashine ya namna hiyo, iliyobuniwa na Frank Zamboni huko California mwaka 1949, hukwangua tabaka jembamba la juu, ikaosha mikwaruzo na kutandaza maji ya moto nyuma yake, maji ambayo hushikamana vizuri na barafu ya chini na kuganda yakiwa laini. Mapumziko hayo huonekana kama wakati mtupu, lakini makocha huyafuatilia kwa makini, kwa sababu anayekimbia barafu ikiwa mpya na anayekimbia ikiwa imechoka hawako katika hali moja. Waandaaji hujitahidi kupunguza tofauti hiyo kwa kugawa jozi katika vipindi vifupi, na kwa kuwa wenye nafasi za juu katika msimamo hupangwa katika jozi za mwisho, wanaowania ubingwa kwa kawaida hukimbia karibu karibu, juu ya barafu inayofanana.

Njia mbili na deni la kila mzunguko

Uwanja umegawanywa katika njia mbili, ya ndani na ya nje, na watu wawili hukimbia kwa wakati mmoja wakizunguka kinyume cha mshale wa saa. Anayeanza njia ya ndani hufungwa kitambaa cheupe mkononi na anayeanza ya nje hufungwa chekundu. Kwa kuwa kona ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa takribani mita kumi na mbili na nusu, yeyote ambaye angebaki njia ya ndani mbio zote angekuwa amepewa zawadi isiyo halali. Kwa sababu hiyo, katika kila mzunguko watelezaji hao hubadilishana njia kwenye sehemu iliyonyooka upande mmoja wa uwanja, ili kila mzunguko uwe na kona moja fupi na kona moja ndefu kwa kila mtu, jumla ikiwa mita 400.

Uzito wa kanuni hiyo ulidhihirika mbele ya dunia nzima katika Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010. Sven Kramer wa Uholanzi, aliyekuwa akitazamiwa kushinda mita 10,000, alikuwa katikati ya mbio zake aliposikia maelekezo ya kocha wake, Gerard Kemkers, aliyesimama kando ya barafu akimwonyesha aingie njia ya ndani, ilhali alipaswa kwenda ya nje. Kramer alisitasita kwa nukta moja, akamtii kocha, akapita kona fupi mara mbili mfululizo. Alimaliza akiwa na muda bora kuliko wote, dakika 12 na sekunde 54.50, lakini muda huo ulifutwa na medali ya dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini. Hukumu hiyo iliwaumiza wengi, na hata hivyo hakukuwa na namna ya kuikwepa, kwa kuwa katika mchezo huu mita chache zilizopunguzwa, hata kwa bahati mbaya, huuvunja msingi wote wa ulinganisho.

Kubadilishana njia hakumalizi kila tofauti. Katika mita 500, ambazo ni mzunguko mmoja na mita mia za ziada, aliyeanza ndani humalizia kwenye kona ya nje, na aliyeanza nje humalizia kwenye kona ya ndani, wakati ambapo mwendo ni mkubwa kupita sehemu nyingine zote. Anayepita kona ya ndani kwa kilomita 55 kwa saa, juu ya duara lenye nusu kipenyo cha takribani mita 26, hukabiliwa na nguvu ya pembeni inayokaribia uzito wa mwili wake wote, na humbidi alale kuelekea ndani kama dereva wa bodaboda anayekata kona kwa kasi, huku mguu wa kulia ukipishana mbele ya wa kushoto hatua baada ya hatua. Kosa dogo humtupa nje. Kwa ajili hiyo, kuanzia Olimpiki ya 1998 hadi ya 2014 mita 500 zilikimbiwa mara mbili, kila mtu akianza mara moja katika kila njia, na muda ukajumlishwa. Baadaye Olimpiki ikarudi kwenye mbio moja, iliyo rahisi zaidi kwa mtazamaji kuielewa. Uamuzi huo unafundisha kwamba usawa kamili una gharama, na kwamba wasimamizi wa michezo hulazimika kila mara kupima ni kiasi gani cha gharama hiyo kiko tayari kulipwa.

Mahali penye hatari kubwa zaidi ni pale njia zinapopishana. Iwapo watu wawili wanafika hapo sambamba, anayetoka njia ya ndani kuelekea ya nje ndiye anayepaswa kumpisha mwenzake, na akimzuia huondolewa mashindanoni. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, kwenye mita 1,000 za wanaume, Kai Verbij wa Uholanzi alijikuta katika hali hiyo pamoja na Laurent Dubreuil wa Kanada. Verbij aliinuka kutoka katika mkao wake wa kuinama, akapunguza mwendo na kumwacha Dubreuil apite, na tendo hilo lililochukua muda mfupi kuliko pumzi moja lilimwondolea kila tumaini la medali, kwani mbio za mita 1,000 hazina nafasi ya kurudisha kilichopotea. Dubreuil alimaliza wa pili na kupata medali ya fedha. Kanuni ilimtaka Verbij apishe, lakini utekelezaji wake ulitegemea mtu mmoja aliyekuwa tayari kuitii katika mbio ambazo kwazo alikuwa amejiandaa kwa miaka.

Hewa, kimo na kiatu cha bawaba

Adui mkuu wa mtelezaji ni hewa, kwa sababu barafu humzuia kidogo tu, na sehemu kubwa ya nguvu zake huishia katika kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Hii ndiyo sababu ya mkao ule unaowashangaza watazamaji wapya, mgongo ukiwa umelala karibu sambamba na barafu, magoti yakiwa yamekunjwa sana na mkono mmoja au yote miwili ikiwa imewekwa kiunoni, mkao unaoyatesa mapaja kiasi kwamba wengi humaliza mbio wakiwa hawawezi kusimama wima. Nguo ya kubana, yenye kofia iliyoshonwa pamoja nayo, hutengenezwa kwa lengo hilohilo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wameiona kanuni hii ikifanya kazi mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 akiwa amezungukwa na wakimbiaji wenzake waliopangwa kwa umbo maalumu ili kumkinga na upepo. Ikiwa kinga hiyo ina faida kwa mtu anayekwenda kilomita 21 kwa saa, faida yake huongezeka maradufu kwa anayekwenda zaidi ya 50.

Hewa pia ndiyo inayofanya viwanja visilingane. Uwanja wa Salt Lake City nchini Marekani uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Calgary nchini Kanada uko zaidi ya mita 1,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na rekodi nyingi za dunia zimewekwa katika viwanja hivyo viwili. Ndiko Salt Lake City, mwaka 2013, Lee Sang-hwa wa Korea Kusini alipokimbia mita 500 kwa sekunde 36.36, rekodi ya wanawake iliyodumu kwa zaidi ya miaka kumi. Mkimbiaji wa miguu hupanda Iten, kwenye kimo cha takribani mita 2,400, ili kuuzoesha mwili upungufu wa oksijeni kabla ya kushuka kwenda kushindana mahali pa chini. Mtelezaji hufanya kinyume, akipanda juu ili kushindana, kwa sababu kwake wepesi wa hewa huwa na faida inayozidi hasara ya oksijeni, hasa katika masafa mafupi. Thialf iko karibu usawa wa bahari, na kwa hiyo watazamaji wake wamezoea kupima ubora kwa rekodi ya uwanja, yaani muda bora uliowahi kupatikana hapo hapo. Ulinganisho wa namna hiyo ni wa haki zaidi kuliko kumdai mtu wa Heerenveen afikie muda uliopatikana milimani. Pamoja na hayo, Nils van der Poel wa Uswidi aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2022 mjini Beijing, mahali pa chini, kwa dakika 12 na sekunde 30.74, akathibitisha kwamba mazingira husaidia lakini hayatoi uamuzi wa mwisho.

Vifaa navyo viliwahi kuzusha mgogoro mkubwa wa haki. Katika kiatu cha zamani ubapa ulikuwa umefungwa kwa uimara mbele na nyuma, na mtelezaji hakuweza kuunyoosha wayo mwishoni mwa msukumo bila ncha ya chuma kuchimba barafu. Gerrit Jan van Ingen Schenau na wenzake katika Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam walichunguza mwendo huo tangu miaka ya 1980, wakatengeneza kiatu chenye bawaba chini ya vidole, ili kisigino kiinuke huku ubapa mzima ukiendelea kulala juu ya barafu na misuli ya shavu la mguu ikikamilisha msukumo. Wanamichezo wengi walikidharau kwa miaka, hadi msimu wa 1996/97, wanawake wa Uholanzi walipokivaa na Tonny de Jong akamshinda Gunda Niemann wa Ujerumani, malkia wa mchezo wakati huo, katika ubingwa wa Ulaya hapohapo Heerenveen. Kufikia Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998 kiatu hicho kilikuwa kimeenea, na rekodi zilianguka moja baada ya nyingine. Baadhi ya mabingwa walihisi kudhulumiwa, kwa kuwa walilazimika kujifunza upya mwendo waliouzoea tangu utotoni, lakini ISU ilikiruhusu, na sauti ya chuma kinachogonga kiatu kila kisigino kinaporudi ndiyo inayosikika leo katika kila uwanja.

Sehemu ya elfu ya sekunde

Mbio huanza kwa amri mbili na mlio. Mwamuzi huwaita wanamichezo kwenye mstari, huwataka wajiweke tayari, na baada ya kuhakikisha kwamba wote wawili wametulia kabisa hutoa ishara. Katika mashindano makubwa mlio huo hutoka katika spika zilizowekwa karibu na kila mmoja wao, kwa sababu sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, na aliye mbali na bastola ya kawaida angeisikia akiwa amechelewa kidogo. Jozi ikiwa imeonywa kwa kuanza kabla ya ishara, atakayerudia kosa hilo huondolewa. Mwishoni mwa mbio kamera za kasi na vifaa vya kielektroniki hurekodi wakati ambapo ncha ya ubapa inagusa mstari.

Umuhimu wa vipimo hivyo ulionekana katika Olimpiki ya Sochi ya mwaka 2014, kwenye mita 1,500 za wanaume. Zbigniew Bródka wa Polandi, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uzimamoto, na Koen Verweij wa Uholanzi, waliokimbia katika jozi tofauti, walisomeka wote wawili kuwa na dakika 1 na sekunde 45.00. Ilibidi vipimo vya sehemu ya elfu ya sekunde viangaliwe ndipo ikajulikana kwamba Bródka alikuwa ametangulia kwa sehemu tatu tu kati ya elfu moja, muda ambao kwa mwendo wao ni sawa na takribani sentimita nne. Watu wawili ambao hawakuonana hata kidogo wakiwa mbioni walitenganishwa na upana wa vidole viwili baada ya safari ya kilomita moja na nusu, na uamuzi huo ungekuwa dhuluma kubwa kama barafu, njia na saa havingekuwa vimelindwa kwa uangalifu ulioelezwa hapo juu.

Ratiba ya mwishoni mwa juma ina pia mbio zinazoacha kwa makusudi utaratibu wa mtu na saa yake. Katika mbio za timu za kukimbizana, zilizoingia katika Olimpiki mwaka 2006, watu watatu wa nchi moja huteleza wakifuatana kwa karibu huku timu nyingine ikianza upande wa pili wa uwanja, na muda huhesabiwa pale mtu wa tatu anapovuka mstari. Kwa hiyo timu haiwezi kumtupa aliyechoka, na siku hizi wa nyuma huonekana wakimsukuma kiunoni aliye mbele ili nguvu zigawanywe. Katika mbio za kuanza kwa pamoja, zilizoanza kushindaniwa katika Olimpiki mwaka 2018, kundi zima huzunguka mara 16 likigombea nafasi bila njia maalumu, alama ndogo zikitolewa katikati ya mbio na alama kubwa kwa watatu wa kwanza mwishoni. Hapa ujanja, subira na ushirikiano wa muda huwa na thamani ambayo katika mbio za jozi havina.

Watu wanaoujaza uwanja

Zaidi ya watu elfu kumi huweza kuingia Thialf, wengi wao wakiwa wamevaa rangi ya chungwa, rangi ya ukoo wa kifalme wa Uholanzi, na katika mapumziko bendi ya matarumbeta iitwayo Kleintje Pils hupiga muziki unaowainua vitini. Sifa yao kuu ni ujuzi. Wengi huandika muda wa kila mzunguko, hujua mtelezaji ameanza kuchoka kabla saa haijaonyesha, na humshangilia mgeni anayepata muda bora wa maisha yake hata kama ameshika nafasi ya kumi na tano.

Mapenzi hayo yana historia ndefu kuliko mashindano yenyewe. Michoro ya Hendrick Avercamp, aliyezaliwa mwaka 1585, imejaa mabwana, watumishi na watoto wakiteleza pamoja juu ya mito iliyoganda, na katika Friesland kuna safari ya takribani kilomita 200 ya kupita miji kumi na mmoja kwenye mifereji, Elfstedentocht, iliyoandaliwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1909. Katika safari ya mwaka 1963, iliyokumbwa na upepo mkali na baridi ya kutisha, washiriki wengi mno walishindwa kufika mwisho, na mshindi wake, Reinier Paping, akawa shujaa wa taifa. Barafu inahitaji kufikia unene wa takribani sentimita 15 njia nzima ndipo safari iruhusiwe, na tangu tarehe 4 Januari 1997 hali hiyo haijapatikana tena, kwa kuwa majira ya baridi ya Uholanzi yamezidi kuwa na joto. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wameujua mchezo wa mababu zao hasa katika viwanja vinavyogandishwa kwa mitambo, na kwa sababu hiyo mashindano ya Thialf yamebeba jukumu la kulihifadhi jambo ambalo zamani lilihifadhiwa na hali ya hewa.

Usawa ambao kanuni haiwezi kuutoa

Hapa ndipo swali la haki linapopanuka kuliko uwanja. Katika Olimpiki ya Sochi Uholanzi ilitwaa medali 23 kati ya 36 za mchezo huu, na idadi hiyo haielezeki kwa vipaji peke yake, kwani nchi hiyo ina viwanja vingi vya mita 400, makocha wa kulipwa na timu zinazodhaminiwa na makampuni. Nchi nyingi hazina hata kimoja. Mjini Nairobi uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli, ukawa nyumbani kwa timu ya Kenya ya mpira wa magongo wa barafuni, lakini vipimo vyake haviruhusu mbio za namna hii. Kanuni za njia mbili humlinda aliyekwisha kufika kwenye mstari wa kuanzia, na hazina la kusema kuhusu asiyeweza kufika hapo.

Hata hivyo historia ya karibuni inaonyesha kwamba mlango haujafungwa kabisa. Shani Davis, aliyekulia Chicago, alishinda mita 1,000 mjini Turin mwaka 2006 na kuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, kisha akairudia mwaka 2010. Erin Jackson, kutoka mji wa joto wa Ocala katika jimbo la Florida, alianza kwa viatu vya magurudumu, vya aina ambayo vijana wa Nairobi nao huvitumia barabarani, na akahamia kwenye barafu akiwa mtu mzima. Katika msimu wa 2021/22 alikuwa akiongoza msimamo wa Kombe la Dunia wa mita 500, lakini katika mchujo wa Marekani wa kuingia Olimpiki, Januari 2022, alijikwaa, akamaliza wa tatu, ilhali nafasi zilizokuwepo zilikuwa mbili. Kwa mujibu wa kanuni alikuwa amekosa. Brittany Bowe, mzaliwa wa mji huohuo wa Ocala na mshindi wa mchujo huo, ndiye aliyemwachia nafasi yake. Baadaye Marekani ikapata nafasi ya ziada na Bowe naye akashiriki. Mjini Beijing Jackson alishinda kwa sekunde 37.04, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika michezo hiyo.

Mfano mwingine ulitangulia huo. Johann Olav Koss wa Norwei, aliyeshinda mbio tatu katika Olimpiki ya mwaka 1994 nyumbani kwao, kila moja kwa rekodi ya dunia, alikuwa ameitembelea Eritrea kabla ya michezo hiyo na kuwaona watoto wasio na hata mpira wa kuchezea. Alitoa zawadi ya fedha ya ushindi wake kwa ajili ya watoto wa aina hiyo, na juhudi zilizofuata zilizaa shirika la Right To Play, ambalo limefanya kazi Tanzania, Uganda na Rwanda pia, mahali ambapo hakuna mtoto anayehitaji barafu ili apate haki ya kucheza.

Mifano ya Verbij, Bowe na Koss haiondoi thamani ya vipimo, mistari na waamuzi, kwa sababu pasipo hivyo hakuna ambaye angejua nani amemshinda nani. Inachothibitisha ni kwamba kanuni huweza kusawazisha urefu wa kona na wakati wa kusikia mlio, lakini kazi iliyobaki, ya kumpisha mwenye haki, kumrudishia nafasi aliyeipoteza kwa kujikwaa na kumfungulia mlango asiyezaliwa karibu na uwanja, ni ya watu wenyewe. Mchezo uliofanikiwa kupima sehemu ya elfu ya sekunde una kila sababu ya kudai haki pana zaidi ya hiyo, na kipimo cha kweli cha ukuaji wake katika miaka ijayo kitakuwa idadi ya mataifa yenye watoto waliopata nafasi ya kusimama kwenye mstari wa kuanzia.